Asiyejibiwa Asilale

Kwaruu. Kwaruu. Kwaruu.

Vipete vya chuma vilikwaruza bomba la pazia, kwanza sebuleni, kisha jikoni, kisha kwenye kidirisha cha chooni ambacho hata paka asingepita. Fundi aliisikia sauti hiyo kabla hajafumbua macho, akajua kumekucha. Hakuhitaji jogoo wala saa. Alikuwa na baba mkwe.

"Pazia limefungwa, mwenzangu," sauti ya mzee ilisema nje ya mlango wa chumba.

Fundi hakujibu. Kando yake mumewe, mwoka mikate, alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka zamu ya usiku, unga bado kwenye nyusi. Aligeukia ukutani, akavuta shuka hadi masikioni na kukoroma kabla mzee hajamaliza kukohoa.

Nyumba yao ilikuwa ghorofani, vyumba viwili na sebule, madirisha yote yakitazama mashariki. Fundi aliichagua kwa ajili ya hayo madirisha. Mshonaji anahitaji nuru kama mwoka mikate anavyohitaji moto, na cherehani yake aliiweka sebuleni chini ya dirisha kubwa kuliko yote. Lakini tangu mama mkwe afariki na mzee ahamie kwao, dirisha hilo lilikuwa pambo tu. Fundi alifungua, mzee akafunga. Alifungua tena, mzee akafunga tena. Alimwuliza kwa upole, akamwuliza kwa ukali, jibu likawa lile lile: "Jua litachoma nyumba." Kioo cha wateja alikifunika kwa shuka. Glasi na chupa za maji alizihamisha zote kutoka kingo za madirisha akazificha uvunguni mwa meza. Na kisha hakupumzika. Mchana kutwa alizunguka dirisha hadi dirisha akivuta ncha za mapazia, kisha anakuja kusimama nyuma ya kiti cha Fundi na kusema, "Pazia limefungwa, mwenzangu." Akishasema, hubaki pale pale, kama mtu anayesubiri chenji yake.

"Nimeona, baba," Fundi alikuwa akimjibu siku za mwanzo.

Mzee hutikisa kichwa na kuanza upya.

Hilo neno "mwenzangu" ndilo lililomchoma zaidi. Tangu lini mkwe akamwita mke wa mwanawe mwenzangu? Wateja walilisikia wakatazamana. Majirani walimbandika mzee jina la Mzee Mapazia, na watoto wa ghorofa ya chini wakilitamka hufumba macho na kupapasa kuta. Fundi alipomlalamikia mumewe, mumewe alipiga miayo.

"Mzee ni mzee, Mama Kasuku. Mzoee tu."

"Wewe umemzoea kwa kuwa unalala."

"Sasa nisilale?"

Ndipo yakaja yale ya sare za shule. Fundi alikuwa amepewa kazi ya suruali nyeusi, mzigo wa kutosha kumtoa kimasomaso mwezi mzima, na katika giza lile la mchana alishona mifuko yote kwa uzi wa buluu nzito. Kwenye taa ya sebuleni uzi ulikuwa mweusi. Kwenye kaunta ya mwenye duka, mlango ukiwa wazi, ulikuwa buluu kama wino. Mwenye duka alizirusha suruali juu ya kaunta mbele ya watu.

"Fundi, siku hizi unashonea kaburini?"

Watu walicheka. Fundi naye alicheka kidogo, maana asiyecheka pale ndiye anayechekwa zaidi. Alirudi nyumbani akafumua mshono mmoja mmoja hadi ncha za vidole zikavimba. Siku ya pili yake wifi yake alifika. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mwoka mikate, mwanamke wa kuuza dawa katika duka kubwa la dawa, mwenye mkoba mgumu na maneno yaliyonyooka. Kwa muda alikuwa akiwaeleza habari za nyumba moja ya kulelea wazee.

"Kuna bustani, kuna muuguzi, gharama ni juu yangu," alisema. "Lakini wewe ndiye unayekaa naye, wifi yangu. Neno ni lako. Sitaki kesho niambiwe nilimtoa baba kwa nguvu."

"Mchukueni," Fundi alisema, macho hayajatoka kwenye sindano.

Ikapangwa kuwa gari litakuja Jumatatu. Jumamosi, wifi akaona vema, wampeleke kwanza kisiwani akauone mnara wa taa alikofanya kazi maisha yake yote. Roho yake itulie, alisema. Habari ya gari la Jumatatu mzee hakuambiwa.

Na leo ilikuwa Jumamosi.

*

Hata kabla ya kufika gatini joto lilikuwa limekwisha kuwalegeza. Ilikuwa ile siku ya kiangazi ambayo lami inanata kwenye soli na hewa haitikisiki. Mzee alivaa koti lake la kazi la zamani, zito, la vifungo vya shaba, alilolipiga pasi mwenyewe huku Fundi akijifanya hamwoni.

"Baba, vua hilo koti," wifi alisema. "Utazimia, tuaibike."

"Kule juu hatupandi bila koti."

"Kule juu siku hizi watu wanapanda na kaptula."

"Basi ndiyo maana," mzee alisema, na hakueleza ndiyo maana ya nini.

Boti lilijaa watu wa mapumziko: vijana wenye redio, wapenzi wenye miwani ya jua, familia zenye vikapu. Kasuku, binti wa Fundi, aliyepata jina hilo kwa kutofunga mdomo tangu alipoufungua, aliketi mapajani mwa babu yake ingawa miguu yake ilikwishafika sakafuni.

"Babu, ulikuwa unaogopa kule usiku?"

"Usiku hapana. Usiku kuna kazi. Mtu anaogopa mchana."

"Mchana kuna nini?"

"Kuna jua."

Wifi alimtazama Fundi kwa pembe ya jicho. Unaona, jicho lilisema. Fundi aligeukia majini. Mwoka mikate alikuwa amelala, kichwa kikigonga nguzo ya boti kila wimbi lilipopita, naye hakuamka.

Kisiwani, chini ya mnara, palikuwa na kibanda cha tiketi. Mkata tiketi alikuwa amelowa jasho, hana hamu na mtu.

"Wakubwa wanne, mtoto mmoja," wifi alisema.

"Babu yangu alikuwa anakaa hapa," Kasuku alimwambia mkata tiketi. "Yeye ndiye alikuwa anawasha taa. Asilipe."

"Vizuri. Na mimi bibi yangu alikuwa malkia, lakini nauza tiketi."

Waliokuwa nyuma kwenye foleni wakacheka. Mzee pia alicheka. Aliichukua tiketi yake kwa mikono miwili, akaisoma mbele na nyuma, akaitia katika mfuko wa ndani wa koti. Fundi ndiye aliyeona kuwa vidole vyake vilikosa mdomo wa mfuko mara mbili.

*

Ngazi za mnara zilizunguka kama ganda la konokono. Aliyewaongoza wageni alikuwa msichana mchangamfu mwenye kofia, aliyekuwa amekariri maneno yake na kuyasema bila kupumua. Mzee alipanda bila kushika kamba ya ukutani. Mwoka mikate, kijana mbele yake, alisimama kila kona na kushika kiuno.

Karibu na juu palikuwa na chumba kidogo cha duara, kitanda cha chuma na kiti kimoja. Juu ya mlango, kwa rangi nyeupe iliyobanduka, palikuwa na maneno. Kasuku, ambaye tangu ajue kusoma alikuwa akisoma hata maandishi ya magunia, akayasoma kwa sauti.

"Asiyejibiwa asilale." Akageuka. "Maana yake nini?"

"Ni methali ya watunzaji wa zamani," msichana wa kofia alisema. "Walikuwa watu wa dini. Wanamaanisha sala. Omba mpaka ujibiwe."

Watu wakapiga picha maandishi hayo. Mzee alifungua mdomo, akatazama kitanda, akaufunga. Fundi alimtazama mumewe ili wacheke pamoja kidogo, kama walivyozoea zamani, kabla ya mapazia. Mumewe hakucheka. Alikuwa akimeza mate na kuangalia viatu vyake, na Fundi alimjua mtu huyo: hivyo ndivyo alivyofanya siku ile mikate ilipoungua na mwajiri akauliza ni nani.

Chumba cha taa kilikuwa juu kabisa, ukuta wake wote kioo. Katikati kilisimama kioo kingine, kikubwa, kirefu kuliko mtu, kilichokatwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Joto la mle ndani lilikuwa la kumfumba mtu macho.

"Hiki hakifanyi kazi tena," msichana alieleza. "Taa siku hizi ni ile kwenye nguzo nje, inajiwasha yenyewe kwa sola. Hiki tumekibakiza kwa ajili ya wageni. Zamani palikuwa na mapazia mazito pande zote, yameondolewa ili picha zitoke vizuri."

"Yameondolewa," mzee alisema.

"Ndiyo, babu. Yalikuwa yanakusanya vumbi."

Jua lilikuwa limepinda kidogo kutoka utosini, likiingia kwa upande mmoja. Mzee alianza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kwa utulivu, na watu wakadhani hatimaye joto limemshinda. Alilivua. Akapita chini ya kamba iliyozuia wageni, akalitundika koti juu ya kile kioo kikubwa, upande wa jua. Koti halikutosha. Alilivuta kushoto, kulia kukawa wazi. Alilivuta kulia, kushoto kukawa wazi.

"Babu, hairuhusiwi kugusa."

"Jua litachoma nyumba."

Mtu mmoja alicheka, na wa pili akainua simu. Chini ya koti mzee alikuwa amevaa fulana, na fulana hiyo ilikuwa na matobo mgongoni, moja kubwa kiasi cha kupitisha ngumi. Fundi aliyaona matobo yale kama watu wote walivyoyaona. Nguo za mji mzima zilipita mikononi mwake, na baba mkwe wake amevaa chandarua. Uso ulimwaka kuliko jua lile.

"Baba, toka huko," wifi alisema kwa sauti ya chini, ile inayouma zaidi. "Toka, watu wanatazama." Kisha akamgeukia Fundi. "Unaona? Ndiyo haya nilikuwa nikisema. Leo koti, kesho atajitupa dirishani."

Fundi alikuwa amejisogeza ukutani ili watu wasimwone. Mkono wake ulitua kwenye ubao uliozunguka chumba, na papo hapo akauondoa. Kitu kilikuwa kimemchoma kiganja. Alitazama. Kidoa cha nuru, chembamba na cheupe, kilikuwa kimetua juu ya ubao kutoka kwenye kile kioo, na chini yake, katika mbao zile kuukuu, kulikuwa na alama nyeusi zilizopinda, moja nyuma ya nyingine, kufuata mwendo wa jua. Fundi alizijua alama hizo. Ndiyo rangi ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.

Alisimama akizitazama alama, mkono mdomoni. Hakumwonyesha mtu. Alifungua mtandio wake mabegani, akapita chini ya kamba, akachomoa pini alizokuwa amezichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake, maana hakuna mshonaji anayetoka nyumbani bila pini. Alibana ukingo wa mtandio kwenye bega la koti, kisha pini ya pili, kisha ya tatu, mpaka kivuli kikakifunika kioo chote upande wa jua.

"Mama, na wewe tena?" msichana wa kofia alisema.

"Tukishuka nitavitoa."

"Kuna wengine wanataka picha."

"Watapiga bahari. Bahari haijaondolewa."

Mzee alikagua pini zile kwa kidole. Alionekana ameridhika na kazi. Akasimama nyuma ya Fundi, kama nyumbani, akasema, "Pazia limefungwa, mwenzangu." Akangoja.

Fundi alijua anangojewa. Hakujua kinachongojewa ni nini.

*

Nyuma ya mnara palikuwa na nyumba ya zamani ya watunzaji, sasa duka la soda na kofia za majani. Wifi alimketisha mzee kwenye benchi la mbele, koti limerudi mwilini, akamnunulia soda. Kasuku alipewa kazi ya kumpepea. Fundi alimshika mumewe mkono wa shati, akamvuta hadi nyuma ya nyumba, penye mapipa ya maji na kivuli cha kutosha watu wawili wasiopendana.

"Asiyejibiwa asilale. Maana yake nini?"

"Si umesikia? Sala."

"Nakuuliza wewe, Baba Kasuku. Kwa upole. Mara ya mwisho."

Mwoka mikate alichuchumaa, akaokota kijiti na kuchora vitu mchangani. Alipoanza kusema, alisema na kile kijiti.

"Kulikuwa na zamu. Alfajiri aliyekesha anafunga mapazia ya kioo, kwa sababu jua likiingia mle linachoma chochote, mbao, nguo, mafuta. Kisha anamwendea anayepokea mchana, anamwambia, pazia limefungwa, mwenzangu. Na yule anajibu, nimepokea. Hapo ndipo wa usiku analala. Asipojibiwa halali. Anarudi kukagua na kumwambia tena. Hata akingoja mpaka adhuhuri. Na jioni wa mchana anafungua mapazia ili taa iwashwe, naye anangoja jibu vile vile."

"Nimepokea."

"Ndiyo."

"Basi? Neno hilo moja?"

"Hilo moja."

Mbele ya nyumba mtu alifungua soda, kizibo kikalia. Fundi alikaa juu ya pipa.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu utoto. Mama alikuwa akituleta na chakula, tunawasikia wakipokeana hapa hapa."

"Kwa hiyo kila asubuhi mzee anakuja mlangoni petu, anasema maneno yake, na wewe upo kitandani unayajua. Na mimi nafumua suruali za watu. Na mzee anazunguka nyumba mchana kutwa bila usingizi kwa kuwa hakuna aliyemjibu. Naye si mwendawazimu. Ana zamu."

"Ana wazimu kidogo. Pale si mnarani, Mama Kasuku. Pale ni nyumbani."

"Kidogo kila mtu anao. Nijibu kwa nini hukusema."

Kijiti kilivunjika. Mwoka mikate alisugua uso kwa viganja vyote viwili, na alipoviondoa alionekana mzee kuliko babaye.

"Ninarudi jua linachomoza," alisema. "Kichwa kinavuma kama tanuri. Miaka yote ile jua linaniingia machoni, cherehani inalia, wateja wanagonga. Mzee alipokuja akafunga mapazia. Nikalala. Mama Kasuku, nililala. Nikasema nikimjibu ataacha, atalala yeye, wewe utafungua. Nikasema acha kwanza wiki hii. Kisha wiki nyingine. Kisha likawa jambo la aibu kulisema."

"Na dada yako anapomfungia mizigo?"

"Wewe ndiye uliyesema mchukueni."

Lilikuwa la kweli. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Watu wawili wazima walikuwa wamembebesha mzee usingizi wao na nuru yao, naye akazunguka navyo dirisha hadi dirisha. Fundi alifuta jasho kwa mtandio, ukamkwaruza. Alikuwa amesahau pini moja ndani yake.

"Amka," alisema. "Boti halitusubiri sisi."

*

Gatini hapakuwa na kivuli. Watu walijipanga na vikapu vyao vyepesi, ngozi zimewaiva, redio za vijana zimeishiwa nguvu. Wifi alisimama kando ya mzee akiwa amemfunika kichwa kwa mkoba wake. Mwoka mikate, labda kwa kutaka kupunguza mzigo wake kabla ya safari, alimweleza dada yake habari ya zamu, neno, na jibu. Wifi alisikiliza kama anavyosikiliza wateja wakisoma majina ya dawa vibaya.

"Mimi nilikuwa shule ya bweni," alisema. "Hayo ya kupokeana siyajui." Akawaza kidogo, uso ukalainika. Alimsogelea Fundi. "Basi si ndiyo vizuri, wifi yangu? Mjibu. Mwambie neno lake, apumzike, Jumatatu aende kwa amani. Mimi nilikuwa nawaza tutamtoaje pale mlangoni."

Fundi hakuwa ameliona hivyo. Sasa aliliona. Neno lile lile la kumlaza mzee ndilo la kumfungulia mlango atoke. Mtu akishapokewa, kituo si chake tena.

"Msinong'one sana," mzee alisema bila kugeuka. "Nyumba yenu ina kuta nyembamba. Habari ya Jumatatu ninayo tangu ilipopangwa."

Kasuku peke yake ndiye aliyeuliza, "Jumatatu kuna nini?"

"Babu anahama," mzee alimwambia. "Kuna bustani." Kisha akawageukia wakubwa, na hapakuwa na lawama usoni mwake, jambo lililofanya wasiweze kumtazama. "Mimi sikatai. Mtu anapelekwa kituo hiki, anapelekwa kile, ndiyo kazi. Nilikaa huku miaka, wakaja na taa yao ya nguzo, wakasema shuka, nikashuka. Lakini siku ile nilishuka sijajibiwa. Hapakuwa na mtu wa kujibu, nguzo haina mdomo. Sasa na pale kwenu mnataka niondoke hivyo hivyo. Nani atafunga asubuhi? Mama ana mashine pale dirishani, ana vitambaa, ana mafuta ya cherehani. Mtoto analala pale. Nani?"

"Baba, jua haliwezi kuchoma nyumba ya ghorofa," wifi alisema.

"Hivyo ndivyo wanavyosema wote."

Boti lilikuwa limeonekana, dogo, likikua. Watu wakaanza kusukumana. Wifi alimminya Fundi kiwiko. Mjibu, vidole vilisema. Mwoka mikate alikuwa ametazama mnara, na midomo yake ilikuwa ikitikisika kama anayejaribu neno asilothubutu kulisema, maana hakuwa na haki nalo.

Fundi alimwendea mzee. Alikuwa amezoea kusema naye akiwa ameinamisha macho, kama ipasavyo kwa baba mkwe. Safari hii alisimama mbele yake wima, macho kwa macho.

"Sema tena," alimwambia. "Kama unavyosema asubuhi."

Mzee alinyoosha mgongo. Akafunga kifungo cha juu cha koti.

"Pazia limefungwa, mwenzangu."

"Nimepokea, mwenzangu."

Mabega ya mzee yalishuka. Yalishuka polepole, kama mtu anayetuliwa gunia na mwingine aliye nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu Fundi amjue, macho yake yakawa mazito. Alishika nguzo ya gati.

"Basi," mzee alisema. "Basi. Jumatatu naenda."

"Bado sijamaliza," Fundi alisema, na sauti yake ilipanda kiasi kwamba watu wa vikapu wakageuka. "Nimepokea zamu ya mchana. Ya usiku sikuiomba, siiwezi, ni yako. Mchana nitakaa kwenye ile mashine, nitafungua pazia lile moja, jua likiingia mimi nipo, nalitazama kwa macho yangu mawili. Wewe utalala. Utalala kitandani kwa mwanao, yeye atalala sebuleni afunike uso kwa taulo, na akilalamika atahamia huko kwenye bustani."

"Wifi," wifi alisema. "Gari limekwisha kulipiwa."

"Litakuja litarudi. Mimi ndiye niliyelisema lile neno, na mimi nalifuta. Neno ulisema ni langu."

"Usije ukanilaumu siku atakapofunika kwa pazia hata mboga yako."

"Nitakulaumu tu, wifi yangu. Mbona tumezoeana."

Wifi alifungua mkoba, akaufunga, hakutoa kitu. Boti liligonga matairi ya gati na wanaoshuka wakakutana na wanaopanda, bega kwa bega, hakuna wa kumpisha mwenziwe. Mwoka mikate alimshika baba yake mkono wa kulia ili asisukumwe. Mzee hakuwa amesogea. Alikuwa bado akimtazama Fundi, na usingizi ukimzidi, na chini ya usingizi kulikuwa na hofu ya mtu aliyewahi kuambiwa ashuke.

"Jioni je?" aliuliza. "Mchana ukiisha?"

"Jua likizama nitakuja mlangoni pako," Fundi alisema. "Nitasema pazia limefunguliwa, mwenzangu, na nitasimama pale pale mpaka unijibu. Kesho, na keshokutwa, na Jumatatu."